Jibini Bila Kutoboa Mfuko: Nunua Kidogo, Pika Vizuri, Usitupe Hata Gramu

Kuna kona moja ya supamaketi ambayo wengi wetu huipita haraka haraka: friji ya jibini. Si kwamba hatuipendi. Watoto walionja pizza kwenye sherehe ya jirani na tangu siku hiyo wanauliza itapikwa lini nyumbani. Tatizo ni bei. Kipande kinachoingia kwenye kiganja kinaweza kugharimu sawa na unga, sukari na maziwa ya siku kadhaa.

Halafu kuna tatizo la pili ambalo halisemwi sana. Ukishainunua, utaipika na nini? Wiki mbili baadaye unaikuta nyuma ya friji, imekauka pembeni na imeota ukungu. Hapo umetupa chakula na pia umetupa pesa ulizozitafuta kwa jasho.

Sisi kazi yetu ni malipo ya simu, lakini kila malipo yana kitu upande wa pili. Ukilipa shilingi 450 dukani, swali si kama pesa zimefika tu. Swali ni kama umepata thamani ya hizo 450. Leo basi tuongee jibini: jinsi ya kuichagua, kuilipia, kuipika na kuimaliza kabla haijaharibika.

Kwa nini bei iko juu?

Jibini ni maziwa yaliyoondolewa maji. Maziwa huwekewa bakteria wazuri, kisha reneti, ambayo ni kimeng'enya kinachoyagandisha. Mabonge hukatwa, maji yake humwagwa, chumvi huongezwa, na kile kinachobaki hukandamizwa. Aina nyingine huachwa kwenye chumba baridi kwa miezi kadhaa ili zikomae.

Kilo moja ya jibini ngumu huhitaji takriban lita 10 za maziwa. Kwa hesabu hiyo, kile kipande chako cha gramu 250 kimebeba kama lita mbili na nusu. Ongeza kazi, stima ya friji, usafiri na faida ya duka, na unaelewa kwa nini bei imesimama pale ilipo.

Hesabu hii pia inakulinda. Mtu akikuuzia gramu 250 za "jibini halisi" kwa bei iliyo chini ya lita moja ya maziwa, simama kwanza ujiulize: hizo lita nyingine amezipata wapi? Pengine si jibini, au tarehe yake imepita.

Habari njema ni kwamba si lazima jibini itoke ng'ambo. Kenya ina maziwa na ina historia nayo. KCC ilianzishwa mwaka wa 1925. Maziwa yaliyochachushwa tumeyajua kabla ya viwanda: Wakalenjin wana mursik, na maziwa lala yapo karibu kila duka. Leo kuna jibini inayotengenezwa hapa nyumbani, sehemu kama Limuru, Nakuru na Eldoret. Ukiangalia nyuma ya pakiti utaona imetoka wapi.

Zijue aina tano kabla hujashika pakiti

Majina ni mengi, lakini kwa mapishi ya kawaida ya nyumbani, aina tano zinatosha.

Cheda. Kwenye pakiti utaona Cheddar, jina la kijiji kilicho Somerset, Uingereza. Ni ngumu, ina ladha kali, na kidogo tu kinatosha. Kama bajeti inaruhusu aina moja pekee, chukua hii. Ladha kali maana yake unatumia gramu chache.

Gauda. Imepewa jina la mji wa Gouda, Uholanzi. Ni laini kidogo kuliko cheda, ina utamu fulani, na watoto wengi huipenda. Inayeyuka vizuri kwenye mkate na chapati.

Mozarela. Ya Kiitaliano, ndiyo ile inayovutika kama uzi kwenye pizza. Ladha yake ni ya upole. Ukiiweka kwenye chakula chenye viungo vingi, utaona uzi lakini ladha hutaisikia sana. Nunua kwa ajili ya pizza, si kwa kila kitu.

Feta. Ya Kigiriki, nyeupe, ina chumvi nyingi kwa sababu hukaa kwenye maji ya chumvi. Haiyeyuki kama mozarela. Vunjavunja juu ya kachumbari au spinachi. Ikiwa chumvi imezidi, iloweke kwenye maji safi kwa dakika chache kabla ya kuitumia.

Paniri. Jibini ya Kihindi, haina chumvi nyingi, na haiyeyuki hata ukiikaanga. Inakaa kwenye mchuzi kama kipande cha nyama. Hii unaweza kuitengeneza mwenyewe jikoni, na tutaonyesha jinsi.

Kuna pia zile slesi nyembamba, kila moja kwenye karatasi yake ya plastiki. Hizo ni jibini iliyosindikwa: jibini ya kawaida iliyoyeyushwa na kuchanganywa na chumvi maalum na vitu vingine ili iwe laini na ikae muda mrefu. Si sumu, na kwa burger zinafaa sana. Lakini ujue unalipia pia maji, vitu vingine na plastiki.

Soma pakiti kama unavyosoma ujumbe wa malipo

Ukipokea ujumbe wa malipo, unaangalia jina, kiasi na tarehe. Pakiti ya jibini ichunguze vivyo hivyo.

1. Viungo. Kwenye orodha, kile kilicho kingi zaidi hutangulia. Jibini ya kawaida huwa na orodha fupi: maziwa, chumvi, bakteria wa kuchachusha, reneti. Ukikuta maji, mafuta ya mimea na wanga vimetangulia, hicho ni kitu cha kuigiza jibini. Kinaweza kulika, lakini usikilipie bei ya jibini kamili.

2. Tarehe. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, hasa ikiwa kuna ofa. Punguzo kubwa mara nyingi linamaanisha tarehe iko karibu. Kama utaipika leo, ofa hiyo ni yako. Kama utaipika wiki ijayo, iache.

3. Alama ya ubora ya KEBS. Chini ya alama kuna nambari ya kibali. Unaweza kuihakiki kwa simu yako: tuma ujumbe wenye herufi SM, alama ya #, kisha nambari hiyo, kwenda 20023. Ni ujumbe mmoja tu, na unajua kama kibali ni cha kweli na ni cha bidhaa gani.

4. Reneti. Kuna reneti ya mnyama na kuna ile inayotokana na vijidudu au mimea. Ikiwa unakula halali pekee au huli nyama, tafuta maelezo haya kwenye pakiti. Mara nyingi huandikwa wazi.

5. Uzito. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hivyo tuipe sehemu yake.

Bei ya gramu 100: hesabu ya sekunde kumi

Pakiti hazilingani. Moja ina gramu 150, nyingine 200, nyingine 250, na bei zinakaribiana kiasi cha kukuchanganya. Dawa ni kuziweka zote kwenye kipimo kimoja. Toa simu, fungua kikokotoo, gawanya bei kwa gramu, kisha zidisha kwa 100.

Tuchukue bei za mfano tu:

- Iliyokwaruzwa tayari, gramu 150 kwa shilingi 330: gramu 100 ni shilingi 220.
- Slesi, gramu 200 kwa shilingi 390: gramu 100 ni shilingi 195.
- Kipande kizima, gramu 250 kwa shilingi 450: gramu 100 ni shilingi 180.
- Kipande cha kilo moja kwa shilingi 1,600: gramu 100 ni shilingi 160.

Umeona? Pakiti yenye bei ndogo zaidi kwenye rafu, ile ya 330, ndiyo ghali kuliko zote. Unalipia mtu akukwaruzie jibini, kazi ambayo kikwaruzo chako cha karoti kinafanya kwa dakika mbili. Tena ile iliyokwaruzwa huwekewa wanga kidogo ili isishikane, kwa hivyo haiyeyuki laini kama ile unayoikwaruza mwenyewe.

Na je, kilo moja? Ni rahisi kwa gramu, lakini ni rahisi tu ikiwa itaisha. Ukinunua kilo kwa 1,600 na robo yake ikaoza, umelipa 1,600 kwa gramu 750. Hiyo ni zaidi ya shilingi 213 kwa kila gramu 100. Sasa umeshinda bei ya slesi.

Kununua na chama: hesabu ada pia

Hapo ndipo wazo la chama linaingia. Majirani wanne kwenye ploti wanachanga, mmoja ananunua kilo, kila mtu anapata gramu 250 kwa shilingi 400 badala ya 450. Kila mmoja ameokoa 50. Safi.

Lakini kuwa makini. Tuseme ada ya kumtumia mwenzako pesa ni shilingi 10: umebaki na 40. Tuseme tena mmeagiza iletwe na boda kwa 150, mkagawana, kila mtu 37 na senti 50. Ile akiba ya shilingi 50 sasa ni shilingi mbili na nusu. Umepanga, umepiga simu, umengoja, umepata shilingi mbili na nusu!

Kwa hivyo, mambo matatu:

- Mmoja wenu akiwa anaenda mjini kwa shughuli zake, aibebe. Msiagize boda kwa ajili ya jibini peke yake.
- Unganisheni michango. Kama chama kinakusanya pesa kila wiki, ongezeni jibini kwenye mchango ule ule badala ya kutuma kiasi kidogo mara nyingi.
- Angalia ada kabla ya kutuma, si baada. Orodha ya ada iko wazi kwa kila mtu, na ada ya kutuma kiasi kidogo mara nne ni tofauti na ada ya kutuma mara moja.

Kulipa bila presha

Ukiwa dukani, weka nambari ya tili polepole, na usikimbilie nambari yako ya siri. Subiri jina la biashara litokee. Je, ndilo jina la duka ulilosimama ndani yake? Kama sivyo, uliza. Kurekebisha kosa kabla ya kulipa ni sekunde tano; baada ya kulipa ni simu, maelezo na kungoja.

Siku hizi kuna pia wauzaji wengi wa jibini mitandaoni. Wengine ni wakulima na watengenezaji wadogo wazuri kabisa, wana jibini tamu kuliko ya supamaketi. Wengine hawana jibini wala friji. Wana picha tu. Namna ya kuwatofautisha:

- Omba kulipa mzigo ukifika. Muuzaji wa kweli mara nyingi atakubali, au angalau atakubali nusu kwa nusu.
- Linganisha jina linalotokea unapolipa na jina la biashara kwenye ukurasa wake. Majina yakiwa mawili tofauti, na maelezo hayaeleweki, wacha.
- Mtu akikupigia kwamba "malipo yamekwama" na anataka nambari yako ya siri ili ayaachilie, kata simu. Hakuna muuzaji, wala mfanyakazi wetu, anayehitaji nambari yako ya siri. Hakuna.
- Jibini ikifika, iguse kabla mtu wa boda hajaondoka. Kama imetoka jasho, imelainika na pakiti imefura, ilikaa kwenye joto. Una haki ya kuikataa.

Gramu 250, siku tano, familia ya watu wanne

Sasa twende jikoni. Hapa kuna mpango wa kipande kimoja cha cheda au gauda, kutoka Jumamosi hadi Alhamisi. Tunatumia ile bei ya mfano ya shilingi 450, yaani shilingi 1.80 kwa gramu.

Jumamosi: makaroni ya jibini, gramu 80 (shilingi 144). Chemsha makaroni. Kwenye sufuria nyingine, yeyusha kijiko cha siagi, tia kijiko cha unga wa ngano, koroga dakika moja, kisha mimina maziwa kikombe kimoja na nusu kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka yawe mazito. Epua. Ndiyo, epua kwanza, halafu ndipo utie jibini iliyokwaruzwa. Moto mwingi hufanya jibini itoe mafuta na kubaki na vipande vigumu. Changanya na makaroni, ongeza pilipili manga. Onja kabla ya kuweka chumvi, kwa sababu jibini tayari ina chumvi yake.

Jumapili: chapati za jana na mayai, gramu 50 (shilingi 90). Mimina mayai yaliyopigwa na vitunguu na nyanya kwenye kikaango, weka chapati juu, geuza. Nyunyiza jibini, kunja, funika dakika moja kwa moto mdogo. Majirani wetu wa Uganda wana rolex yao. Hii ni binamu yake aliyepata kazi nzuri.

Jumatatu: mkate wa shule, gramu 40 (shilingi 72). Watoto wawili, gramu 20 kila mmoja. Kwaruza badala ya kukata slesi: gramu 20 zilizokwaruzwa hufunika mkate wote, lakini zikikatwa hazifiki pembeni. Weka nyanya katikati ya jibini, si juu ya mkate, ili mkate usilowe kabla ya saa nne.

Jumatano: viazi, gramu 50 (shilingi 90). Ponda viazi vya moto na maziwa kidogo, tia jibini na dania iliyokatwa. Moto wa viazi wenyewe utaiyeyusha. Kula na sukuma wiki na maharagwe, na hakuna atakayeuliza nyama iko wapi.

Alhamisi: ugali uliolala, gramu 30 (shilingi 54). Kata ugali wa jana vipande vyembamba, kaanga kwa mafuta kidogo mpaka ushike rangi pande zote, kisha nyunyiza jibini iliyobaki na ufunike. Hapo ndipo vile vipande vya pembeni vilivyokauka hupata kazi; kwaruza tu.

Jumla: gramu 250, shilingi 450, milo mitano. Hakuna kilichobaki cha kuoza. Kila mlo, jibini imegharimu kati ya shilingi 54 na 144 kwa familia nzima. Ukiilinganisha na pizza moja ya kununuliwa, wewe mwenyewe unajua jibu.

Tengeneza paniri yako kwa lita mbili

Kuna siku maziwa ni mengi: mvua imenyesha, ng'ombe wametoa, na jirani anauza lita kwa bei nafuu. Au uko karibu na ATM ya maziwa. Siku hiyo, tengeneza paniri.

Chukua lita 2 za maziwa yenye mafuta yake kamili. Yale ya pakiti zinazokaa miezi bila friji hayafai sana hapa. Mabonge yake huwa laini na madogo. Chemsha mpaka yapande, punguza moto. Tia juisi ya limau au siki, kijiko kimoja kikubwa baada ya kingine, huku ukikoroga taratibu. Baada ya vijiko vinne hadi sita utaona mabonge meupe yamejitenga na maji ya kijani-njano. Acha kutia limau na uzime moto.

Chuja kwa kitambaa safi cheupe. Pitisha maji baridi kuondoa ukali wa limau. Funga, kamua, kisha weka kitu kizito juu, kwa mfano sufuria iliyojaa maji, kwa nusu saa hadi saa moja. Utapata gramu 300 hivi, au zaidi kidogo, kulingana na mafuta ya maziwa. Kata vipande, kaanga, tia kwenye spinachi au mchuzi wa njegere. Ile maji usiimwage. Ikandie chapati au ipikie supu.

Hesabu iko mikononi mwako: bei ya lita 2 na malimau mawili, dhidi ya bei ya gramu 300 za paniri ya dukani. Piga hesabu hiyo kwa bei za mtaa wako, kisha uamue. Iweke kwenye friji, ndani ya maji safi unayobadilisha kila siku, na uile ndani ya siku mbili au tatu.

Kuiweka, na stima ikipotea

Jibini ngumu hupenda kupumua kidogo. Ifunge kwa karatasi ya kupikia, kisha uiweke kwenye kontena lenye kifuniko. Usiiweke mlangoni mwa friji. Hapo joto hupanda kila mtu anapofungua kutafuta maji. Ukiona hutaimaliza, ikwaruze na uigandishe kwenye mifuko midogo ya gramu 50. Ikitoka itavunjikavunjika, lakini kwa kupikia ni sawa kabisa.

Ukungu ukiota kwenye cheda au gauda, kata sehemu hiyo pamoja na sentimita mbili na nusu kuizunguka na kwenda chini, na kisu kisiguse ukungu wenyewe. Kilichobaki kinalika. Lakini ukungu ukiota kwenye paniri, feta au jibini iliyokwaruzwa, tupa yote. Kwenye vitu laini na vyenye unyevu, ukungu hupenya mbali kuliko macho yanavyoona.

Stima ikipotea, usifungue friji. Ikibaki imefungwa, huhifadhi baridi kwa takriban saa nne. Baada ya hapo, jibini ngumu bado huvumilia, lakini zile laini na zilizokwaruzwa zikikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, zitupe. Na kama ni tokeni tu zimeisha, simu unayo mkononi.

Huna friji? Bado unaweza kula jibini. Nunua kipande kidogo jioni unapotoka kazini, pika usiku huo huo, maliza.

Nani awe mwangalifu?

Mama mjamzito ale jibini iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyotibiwa kwa joto. Jibini laini za maziwa mabichi zinaweza kubeba bakteria wanaodhuru mimba. Mwenye presha apime chumvi, hasa kwenye feta na slesi. Na ikiwa maziwa hukujaza tumbo gesi, huenda jibini iliyokomaa kama cheda isikusumbue sana, kwa kuwa sukari ya maziwa huondoka kwa wingi na yale maji, na nyingine huliwa na bakteria. Hiyo si sawa na mzio wa maziwa. Mwenye mzio asiguse jibini kabisa.

Na kama unauza chakula?

Labda una kibanda cha chapati mayai na unafikiria kuongeza jibini kwenye menyu. Wazo zuri, lakini pima kwanza. Gramu 20 kwa shilingi 1.80 ni shilingi 36. Ukiongeza bei ya chapati kwa shilingi 30 ili usifukuze wateja, unapoteza shilingi 6 kila unapouza. Ukiuza 40 kwa siku, umepoteza 240, na foleni ni ndefu, na unafikiri biashara imeshika! Nunua kipande cha kilo, ambapo gramu 20 ni shilingi 32, uza kwa nyongeza ya 50, na pima kwa mizani, si kwa jicho. Malipo yakiingia, hakikisha kwenye simu yako mwenyewe, si kwenye skrini ya mteja.

Fanya hivi wiki hii

Chagua mlo mmoja kati ya ile mitano. Nunua kipande kidogo zaidi kinachoutosha. Hesabu bei ya gramu 100 kabla ya kulipa, soma jina la tili, kisha uhifadhi ujumbe wa malipo. Mwisho wa wiki, fungua taarifa ya malipo kwenye simu, tafuta lile la jibini, halafu fungua friji. Ikiwa imeisha yote na watoto wanauliza ya pili, ilikuwa pesa iliyotumika vizuri. Ikiwa nusu bado imekaa pale, wiki ijayo nunua nusu.